Risiti Namba 417

Chelagat alikuja Jumanne, mvua ingali juu ya Menengai,
na spika mbili ndani ya gunia la viazi vya Molo.
"Zinakwaruza," alisema. "Zingekwaruza kwa rumba ningevumilia.
Lakini albamu hii nimeingoja miaka minne."
Akaniachia flashi nyekundu iliyofungwa uzi wa sweta.

Wanorwe, alisema. Metali nyeusi.
Nikaandika daftarini: spika mbili, chuma cheusi, Norwe,
kama mtu anayepima vyuma chakavu.

Kibanda changu kiko Bondeni, kati ya kinyozi na muuza tairi.
Miaka kumi na tisa nimefufua spika za harusi,
za makanisa, za kampeni
(hizo huja zimepasuka kabisa;
watu hupenda kuahidi kwa sauti kubwa).
Nikafungua. Koni nzima. Koili haijaungua.
Mita ikasema omu nane, kama siku zilipozaliwa.
Nikazifunga, nikachomeka flashi,
nikasubiri ugonjwa uongee.

Kwanza ngoma, mbio, mvua ya mawe juu ya mabati ya Njoro.
Nikasema, haya, nazijua hizi, mpwa wangu huzisikiliza:
kila kitu kimepandishwa hadi darini, hakuna bonde wala kilima,
saa nzima ya kufokewa na mtu asiyekudai.
Kidole kikawa kwenye swichi.

Halafu wakarudi nyuma.
Hawakunyamaza. Walirudi nyuma tu,
kama watu wanaompisha mgonjwa mlangoni.
Nikasikia chumba. Nikasikia mbao za chumba.
Besi, ambayo wenzao huizika, ilitembea peke yake
kama bawabu anayekagua kufuli moja moja,
na mpigaji ngoma akakosea, mara moja, wimbo wa tatu,
na kosa wakaliacha.
Siku hizi nani huacha kosa?

Mwimbaji ni mtu aliyemeza makaa
kisha akaambiwa asome majina ya marehemu.
Sielewi neno hata moja. Lakini katika wimbo wa tano
anavuta pumzi kabla ya ukelele, na pumzi ile
ni ya mtu wa hamsini na kitu, kama mimi,
anayejua kesho koo litamdai.
Hakuna anayejifanya shetani pale.
Kuna mtu na baridi yake.

Na chini ya yote, kule kukwaruza.
Nikabadilisha waya. Nikabadilisha amplifaya.
Nikaleta spika zangu mwenyewe, zile nisizomwazima mtu.
Kuko pale pale.

Ndipo nikamkumbuka mjomba Ombui, Ogembo,
na obokano yake kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto,
nyuzi nane alizozilaza makusudi zikwangue, zingurume.
Mimi, kidato cha pili, nimejaa fizikia,
nilimwekea karatasi chini ya nyuzi, sauti ikawa safi.
Kulikuwa na matanga jioni ile.
Aliitoa karatasi, akaikunja, akanirudishia mkononi.
"Ikiwa safi hivi," alisema,
"watajuaje kwamba kuna mtu amekufa?"

Alhamisi nikaandika risiti:
Spika nzima. Mngurumo ni wa wenyewe.
Shilingi mia mbili, za umeme.
Chelagat akaisoma mara mbili. Hakuniamini.
Nikampindulia ndoo, akaketi, nikaanzia wimbo wa nne
ili wa tano umkute ametulia.

Kinyozi akachungulia, mashine ikizizima mkononi,
mteja nyuma yake nusu kichwa,
akauliza kama kuna kitu kinaungua.

Ngoja, nikamwambia. Sogea hapa.
Kuna mahali anavuta pumzi.