Kamusi ya Tramu

Tymon hasemi "nimechoka".
Husema, "Kituo kinachofuata, Uwanja wa Chumvi,"
kwa sauti ya yule mwanamke wa kwenye tramu,
mikwaruzo ya spika ikiwemo.

Gertruda, mwoka mikate, humuuliza,
"Wa mbegu, au mweupe?"
Naye: "Milango inafungwa."
Foleni nzima hugeuka.
Zamani ningeomba radhi, nikamkokota
hadi nje, kwenye theluji ya Wroclaw.
Siku hizi nasema, "Kelele zimemzidi. Wa mbegu,"
kisha nangoja chenji, kofia yake mkononi mwangu.

Daftari langu limefika ukurasa wa kumi na moja.
"Tayarisheni tiketi": kiatu kinabana.
"Njia imebadilishwa": nani kakihamisha kikombe?
"Namba saba haifiki leo": baba.
Hiyo sikuiandika.

Jana, baada ya kikao cha shule,
nilisimama jikoni, bomba likimwaga maji bure.
Akaja. Hakunitazama,
aliitazama sahani.
"Abiria, shikeni vyuma. Kona kali."

Nikashika ukingo wa sinki
kwa mikono miwili.
Tukaikata.