Pingili

Fundi Shaame wa Chake hakuanza kwa bei.
Aliulaza mkufu juu ya kitambaa cheusi
polepole, kama anayemlaza mtoto,
akabandika kioo jichoni
akahesabu kwa midomo tu, bila ya sauti.

"Huu wa mwanamme," akasema.
"Kijiti hiki kilikuwa kikipita tunduni mwa kizibao.
Na kila pingili ina muhuri wake, tazama.
Walioutengeneza hawakuaminiana hata kidogo."

Mimi nilikwenda kuurefusha.
Unanibana nikiinama kuchota maji,
na harusi ya Kazija ni Ijumaa ya pili kutoka hii.

Babu Ngwali aliununua mnadani, Wete,
mzungu mmoja wa ghala alipohamishwa:
saa, mkufu, na mwavuli usiokuwa na mpini.
Yeye mpima karafuu, akinuka makonyo mwaka mzima,
juu ya kanzu kizibao,
juu ya kizibao dhahabu, imepinda tumboni kama kicheko.
Kila magharibi, adhana ikiingia,
aliirudisha mishale kwenye kumi na mbili.
Saa ya mzungu, akisema, lakini siku ni yetu.

Saa iliondoka mwanzo,
Bibi alipovushwa Unguja kupasuliwa.
Mkufu ukabaki, na Babu akaendelea kuuvaa,
ncha yake imezama katika mfuko mtupu.
Watu wakimwuliza, "Saa ngapi, Bwana Ngwali?"
alipapasa mfuko, akakitupia jicho kivuli cha ukuta,
akajibu.
Hakukosea sana.

Haya nayajua. Haya tuliyacheka hata matangani kwake.

Nisilolijua alinambia Fundi Shaame,
kioo bado kiko jichoni:
"Umekatwa. Hapa, na hapa, na hapa tena.
Koleo tofauti, mikono tofauti.
Huyu wa mwisho aliunga kwa haraka.
Mikufu ya namna hii hulizunguka tumbo la mtu mzima.
Huu umebaki shingo."

Nikarudi Wete nao, fundo la leso.
Mama alikuwa anachambua mchele.
Hakuinua uso.

"Mwaka ule karafuu haimlipi hata mchumaji," akasema,
"ilikatwa ya unga.
Ikakatwa ya viatu vya skuli vya kaka yako,
akavipoteza wiki ile ile, uwanjani Konde.
Bibi yako aliililia ile kuliko alivyoililia saa.
Ya bati, tufani ilipobeba paa la jikoni.
Mbili kwa mpigo ulipozaliwa wewe,
miguu mbele."

Akapuliza makapi.
"Baada ya isha alikuwa akiupima shingoni mwake kwanza.
Aone kama bado unafunga."

Wanasema mali bila daftari huisha bila habari.
Bibi hakujua kuandika hata jina lake.
Usiku nimekaa na taa nikazipapasa moja moja,
thelathini na moja,
kila moja na muhuri mdogo wa wenyewe,
na pale penye kiungo cha haraka
kidole kinakwama,
kinarudi nyuma,
kinasoma.

Jumatano niko Chake tena.
Fundi keshapata dhahabu ya kuungia,
rangi imekaribia, asingejua mtu.
"Nikuongeze ngapi?"

Nikamkumbuka mdogo wangu Mize, mwezi wa nane huu,
na daktari aliyesema mtoto bado hajageuka.

"Usiongeze," nikamwambia. "Kijiti tu, kikaze.
Na hilo koleo lako dogo
usiliweke mbali."