Nati Arobaini na Moja

Alikuja dukani kwangu Mokowe, vuli imeisha,
Barisa Gobu wa Mangai, miundi imechorwa na miiba,
akataka bolti nane za nusu inchi,
urefu shubiri.
Nikamhesabia, na nati zake juu.
Nati akazisukuma kwa ukucha, zikarudi upande wangu wa meza.
"Hizi baki nazo, Mwanamize. Mti ndio nati yangu."

Nikacheka. Nikadhani mtu wa mwituni hajui chuma.
Nikazitupa kwenye mkebe wa maziwa ya unga
na daftarini nikaandika:
bolti nane, asali chupa tatu, deni.

Mwaka wa pili ndipo aliponionyesha keekee.
Ncha kainoa mwenyewe mpaka ikang'aa kama jino la panya,
na cha kuizungushia, uta.
Uta wa babake, ule ule
uliokuwa ukisema na nyati kabla ya sheria.
"Serikali iliniambia nisiutie mshale.
Haikuniambia nisiutie keekee."

Akanieleza kama mtu anayeelekeza njia ya kisimani:
toboa usawa wa goti, pachika chuma, panda.
Toboa usawa wa goti, pachika, panda.
Kamba ya kiunoni ilikumbatie shina,
kifuu cha nazi kifuani, ukiegemee,
unga wa mti utakumwagikia machoni,
usipanguse.
Nyuki wamekusikia tangu tundu la kwanza.
Nenda usiku, tena wa giza.
Ukishuka ng'oa chuma kimoja kimoja,
maana ngazi ukiiacha, mwivi ataiita yake.
Na kila tundu lizibe kwa nta:
maji yakiingia mti huoza,
"na mimi kesho nitakula wapi?"

Miaka kumi na tisa.
Bolti nane, bolti tano, bolti mbili
(moja ilipinda; moja iliponyoka mkononi gizani,
akaitafuta majanini siku mbili, akaja kununua nyingine
na uso wa mtu aliyefiwa na mbuzi).
Mkebe wangu ukawa mzito.

Mwaka huu akaja mjukuu, Diza, na chupa moja.
"Babu alisema hii ndiyo ya mwisho ya deni."
Alisema. Nikalisikia hilo neno.
Nikafungua daftari: zilibaki chupa mbili.
Nikaupiga mstari ukurasa wote.

Nikamwomba anipeleke.
Pikipiki mpaka ilipokataa mchanga, kisha miguu,
mimi na buibui langu nikinasuliwa miiba kila hatua tatu.
Mbambakofi, watu watatu hawalizungushi kwa mikono.
Nikaona safu mbili za vidonda vya nta.

Ya kushoto imeachana mno:
goti la kijana mrefu, mwenye haraka,
aliyeoa juzi labda.
Ya kulia imesongamana, pima kwa pima inapungua,
na penye kifundo cha tawi lililokatika
tundu mbili karibu sana, hata kidole cha tatu hakipiti kati.
Hapo nadhani alisimama akapumua,
akaona haya, ingawa hakuna aliyemtazama.

Safu ya kulia haikufika juu.

Nimeuza futi kamba, rula na timazi tangu nilipoachika;
sijauza kipimo kilichompima mtu namna ile.

Diza akasogea, akaliweka goti lake kwenye safu ya kushoto.
Halikufika tundu.
Akaliweka kwenye ya kulia. Likapita.
Hakusema kitu. Akafuta goti vumbi
akaniuliza bolti sasa ni bei gani.

Juzi fundi wa madawati ya shule amekuja mbio,
nati za nusu inchi, zozote, hata kuukuu,
duka zima la Hindi hakuna, atalipa mara mbili.
Usiku wake nilikuwa nimezimwaga mezani nikazihesabu,
arobaini na moja, safi, hazijawahi kukaza kitu.

"Zimeisha," nikamwambia,
kiwiko changu juu ya mkebe.