Chupa Namba Kumi na Saba

Saa tano za usiku, Porto Alegre.
Mvua ya Julai inachapa madirisha ya ghorofa ya tatu.
Navua pete, navaa glavu,
nafungua kabati lenye joto la mwili wa mtu,
nazitoa seli za Anselmo Zanchet,
fundi saa wa Caxias,
aliyezikwa mwezi Machi.

Yeye kaburini; zenyewe hazina habari.
Zimelala katika maji yao ya waridi,
zinakula sukari, zinagawanyika,
mbili kuwa nne, nne kuwa nane,
kama deni la mlevi.
Chini ya hadubini zina mikono mirefu,
zinapapasa plastiki,
zinautafuta ubongo ambao haupo tena.

Dawa ni gugu tu.
Linaota kando ya nyua za malisho,
chungu hata ng'ombe hulikwepa.
Valdomiro alilitwanga majuma mawili,
akalichuja, akalichuja tena,
vidole vikageuka manjano,
mchumba wake akadhani ni sigara.
Gunia zima likatupa unga
wa kujaza ukucha.

Nilidondosha tone Jumatatu.
Jumanne, kimya.
Leo mikono imerudi ndani.
Seli zimejikunja, zimetoa malengelenge,
kila moja inafungasha virago vyake
na kufa kwa adabu,
bila kuwachafulia majirani.

Nilitaka kupiga kelele.
Kisha nikatazama chupa ya pili,
ya seli nzima, zisizo na kosa.
Nazo zimepungua. Robo.

Marlene alipiga simu jioni, binti wa Anselmo.
"Hilo gugu liko tele nyuma ya banda letu.
Kaka yangu ameanza kuumwa kichwa.
Nikichemsha, nimpe vikombe vingapi?"

Ningemwambiaje?
Kwamba kati ya kikombe na ubongo
kuna tumbo, kuna ini lisilosamehe,
na mwisho kuna lango la mishipa
ambalo bawabu wake hali rushwa?
Kwamba kuua ndani ya chupa ni rahisi,
hata siki huua?

Nikasema: "Usichemshe, Marlene.
Kesho alfajiri mpeleke hospitali."
Akanyamaza.
Nyuma yake nikasikia saa za baba yake zikigonga,
moja, halafu nyingine, halafu tatu kwa pamoja,
hakuna iliyokubaliana na mwenziwe.

Naandika daftarini: *Namba 17. Asilimia sitini na mbili zimekufa.*
Kalamu inasita kwenye neno la mwisho.
Kwenye tangi la baridi
bado kuna vichupa sita vya Anselmo,
vimeganda, vinangoja zamu.

Nazima taa.
Saa ya ukutani inachelewa dakika nne.
Sote tunajua, tunaongeza vichwani.
Hakuna wa kuitengeneza.