Maiti wa Nankuta

Miaka ishirini na sita nimekufa
kila Jumamosi, ukumbi wa ushirika, Newala,
shuka la kuazima hadi puani
na Nankuta kanisimamia kichwani
akikataa nisizikwe:
"Huyu haendi! Malipo ya pili ya korosho hayajaingia!"

Watu walianguka na viti.
Mimi nilibana pumzi, nikajifinya paja.
Alama zipo, mke wangu ni shahidi.

Tulicheza Kitangari, Mahuta, Nanyamba kwa taa ya chemli,
tukalipwa mihogo, mara moja jogoo
aliyewika katikati ya mazishi yangu.
Mwaka wa ukame, kiingilio kikiwa kopo la maji,
alikunywa jukwaani, polepole,
ukumbi mzima ukimhesabia mafunda.
Hakuna aliyecheka. Halafu wote.

Mwaka juzi meno yalipomtoka
aliyafunga kwenye leso, akayaaga:
"Nendeni, mkataba umekwisha."

Jana, Ndanda, wodi ya wanaume,
kalala yeye, nimesimama mimi.
Sikujua mikono niiweke wapi.
"Haya," akanong'ona, "leo zamu yako,"
akafumba macho.

Nikakohoa. Nikawageukia wagonjwa,
na sista mwenye sindano:
"Huyu haendi! Malipo..."
sauti ikanikatikia hapohapo.

Kimya.
Kisha shuka lenye muhuri wa hospitali
likaanza kutikisika, usawa wa tumbo.

Maiti mbovu yule.
Hata dakika hakumaliza.