Kikombe Kimevunjika

Miaka thelathini na moja nilifundisha sarufi
shule ya kati, Sandusky, Ohio,
na mtoto aliyeniambia, "Mwalimu, kikombe kimevunjika,"
nilimrudisha mlangoni aingie upya.
Nani? Taja mtu.
Kikombe hakina miguu,
hakijirushi chenyewe sakafuni.

Jana usiku Rais alisimama kati ya bendera mbili,
tai nyekundu, nywele zimelala kwa adabu,
akasema: Makosa yalifanyika.

Niliitafuta kalamu yangu nyekundu.
Ilikuwa kwenye droo ya vijiko,
chini ya kuponi za sabuni zilizopitwa na wakati.
Asubuhi nikaketi kusahihisha gazeti.

"Nyumba tatu zilibomoka." Zilichoka?
"Raia kumi na wanne walipoteza maisha."
Waliyapoteza wapi, kama funguo?
"Taarifa za kijasusi zilionekana thabiti."
Kwa macho ya nani, na miwani alimpa nani?
"Mahojiano yaliyoimarishwa."
Hapa kalamu ilitoboa karatasi
ikaandika juu ya meza.

Bwana Stachowiak, jirani yangu, amefunga utepe wa manjano
kwenye sanduku lake la barua.
"Nyumba ikiungua, Lorna,
mtu haulizi nani aliacha jiko."
Mimi niliuliza kabla ya moshi, nikamwambia,
mkasema nina kikohozi.
Hakujibu. Alichukua beleshi lake
akazoa theluji mlangoni pangu, kama kila mwaka,
kisha akaenda zake bila kuaga.

Wiki hii hofu yetu ni ya rangi ya chungwa,
anasema mtangazaji, halafu hali ya hewa.
Maktaba imeletewa barua: nani anaazima nini.
Bi. Odalys, mkutubi, alinitazama juu ya miwani.
"Orodha yako," alisema, "kwa bahati mbaya, imefutika."
Kitenzi hicho
nilimsamehe.

Lakini Delbert Amstutz.
Aliketi karibu na bomba la joto, mstari wa tatu,
sentensi zake hazikuwa na nukta,
zilikimbia tu mpaka ukingo wa karatasi, na mbwa wake ndani.
Amerudi usiku, kwenye uwanja wa ndege
ambako kamera haziruhusiwi.
(Hazijaruhusiwa na nani? Naam.)
Mama yake alinijia na barua ya Wizara, koti bado mwilini:
"Nisomee wewe. Labda sijaelewa."
Niliisoma mara tatu kwa sauti.
"Alifikwa na mauti katika tukio lililotokea."
Karatasi nzima, muhuri, nembo ya tai,
na hamna mtu ndani yake.
Hata Delbert hakuwemo.

Nikamwandikia seneta wangu. Wangu,
wa chama changu, niliyesimamisha bango lake
kwenye nyasi zangu mwenyewe.
Alijibu: Wasiwasi wako umepokelewa.
Ni yeye aliyeinua mkono Oktoba ile, akasema ndiyo kwa vita,
na mimi Oktoba ile
nilikuwa nikibishana na fundi juu ya mfereji wa paa.
Kodi nililipa kwa wakati. Nina risiti.

Ni rahisi kumsahihisha Rais.
Kalamu inateleza yenyewe.
(Yenyewe! Haya, Lorna, rudi mlangoni uingie upya.)

Basi nyuma ya bahasha ya seneta
nimeandika neno moja tu,
nikalikata vipande kama nilivyokata ubaoni:
tu, ndio sisi;
me, limekwisha, halirudi;
mu, ndiye yeye, karibu na bomba la joto;
ua.

Neno moja, na watu wote wamo.
Nje beleshi la Stachowiak linakwaruza saruji.
Nimelishika kwenye dirisha ili alione.
Amesimama.
Anapangusa miwani yake.