Nukta ya Mize

Asaa kakitia kitabu changu chote kwenye kompyuta:
kurasa mia tatu zimekuwa ramani ya Wete,
na chini yake mstari mwembamba wa miaka.
"Sukuma, shangazi."
Nikasukuma kwa kidole.

Sitini na nane: Faki, nukta ya buluu,
anashuka bandarini, anapotelea Tanga.
Sabini na mbili: Shaame, nyekundu,
karafuu za magendo, magunia matano, kesi Chake,
kisha mstari mrefu hadi Maskati
nilioumaliza kwa sentensi moja.
Nikarudisha kidole. Shaame akarudi kinyumenyume,
akawa kijana, akawa hajakosa kitu.
Nikacheka. Nani kanipa mamlaka haya?

Lakini pale Jadida, nyuma ya msikiti mdogo,
ipo nukta ya manjano haitikisiki.
Nasukuma mwaka, nasukuma kumi,
ipo.
Mize. Yumo jikoni tangu sura ya pili,
anapepea moto, anauliza nani kaja.
Njia za wote zinampitia, zinamwacha.

"Huyu kaganda," nikasema. "Mtengeneze."
"Hakuna kilichoharibika, shangazi.
Ndivyo ulivyomwandika."

Na mama yangu, niliyemwiba nikamwita Mize,
kila Alhamisi alikwenda Gando kwa miguu,
akarudi Isha, vumbi jekundu hadi magotini,
wala hakuna aliyemuuliza.

Nikaibana ile nukta kwa kidole, nikaivuta.
Haikuja.
Umeme ukakatika.
Nikapapasa kalamu kizani:

Alhamisi, kabla ya adhana,
Mize alifunga mlango kwa nje.